Kwenda Kuona, Kurudi Kusema

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa moja. Mtu akisema kule kuna jambo, mimi naenda kule kuangalia, halafu narudi kusema nilichoona. Hakuna shule inayofundisha kazi hii na hakuna sare yake. Wadogo zangu wa ofisini, siku mliponiaga kwa soda na keki ya gato mliniomba niandike ilikuwaje zamani, kabla ya simu za mkononi na kabla hamjapata gari lenye bendera. Basi naandika. Ila nawaonya mapema kwamba si habari za kuwatia moyo. Anayetaka kutiwa moyo asome ile karatasi ya rangi tunayowapa wageni.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa mjini. Baba yangu alikuwa makanika, mama aliuza maandazi, na mimi nilikuwa fundi cherehani, nashona barazani kwetu nikitazama njia. Jina langu ni Mwajuma, lakini tangu nizae binti yangu wa kwanza hakuna anayeniita hivyo isipokuwa askari wanaosoma kitambulisho. Mimi ni Mama Zubeda. Wateja wangu walitoka kila karitie, yaani kila mtaa wa mji, na sikuwahi kujiuliza nani ni nani, kwa sababu kiuno ni kiuno na mkono ni mkono.

Baada ya rais kuuawa, Oktoba ile ya tisini na tatu, mji ulianza kukatika vipande. Karitie hii ikawa ya hawa, ile ikawa ya wale. Watu walihama na chochote walichoweza kukibeba. Nilimwona mwanamume akipita mbele ya baraza yangu na mlango wa nyumba yake kichwani, na kufuli bado linaning'inia. Kabati langu likajaa nguo zilizokwisha kushonwa ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Nyingine ninazo mpaka leo.

Goreti alikuja kuchukua yake. Alikuwa muuza ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka kaskazini ya mji, mwanakwaya, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini kama ya mwanamume. Gauni lake la kwaya lilikuwa limekaa kwangu zaidi ya mwezi. Alilipokea, akalikunja, lakini hakuondoka. Macho yake yalikuwa yanapita begani kwangu, yanaingia ndani.

"Goreti, unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Mama Zubeda, usikasirike. Kule kwetu wanasema mumeficha watu wa bunduki humu Buyenzi. Hata nyumba yako wanaitaja."

"Nyumba yangu? Wako wapi, chini ya cherehani?"

"Mi sijui. Ndivyo wanasema."

"Basi ingia uangalie. Anza na chumba ya kulala, halafu jikoni. Hata mu choo angalia."

Nilisema kwa hasira, sikutegemea kwamba angeingia. Aliingia. Alitazama chumba, jiko na choo, akainua hata kifuniko cha pipa la maji. Aliporudi barazani nilimpa chai, akainywa, akaenda zake. Baada ya siku tatu alirudi bila nguo yoyote ya kushona. Alinieleza kwamba vijana wa kwao walikuwa wamekwisha kukusanyika waje Buyenzi, naye akawasimamisha njiani akawaambia kwamba ameingia mwenyewe katika nyumba ile, na ndani hakuona ila mwanamke mwenye hasira na pipa la maji.

"Walikuamini?"

"Walicheka tu. Lakini siku ile hawakukuja."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Hatukuiita kazi ya amani. Neno hilo lilikuja baadaye, pamoja na wafadhili. Sisi tulisema tunakwenda kuangalia bihuha, kwa sababu hivyo ndivyo uvumi unavyoitwa kwa Kirundi, na wakati ule bihuha ndivyo vilivyokuwa vikiuweka mji mzima roho juu. Mtu akisikia usiku huu watakuja, asubuhi yeye ndiye anayetangulia kwenda kwao.

Goreti alinipeleka Buterere kwa Mama Beata. Huyo alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mnene, miguu imevimba, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa amezalisha wanawake wa pande zote mbili. Yeye alikuwa wa upande mmoja na Goreti wa upande mwingine. Sitaandika nani wa wapi. Anayejua anajua, na asiyejua hatapungukiwa kitu. Mimi niliwafaa kwa sababu sisi Waswahili wa Buyenzi tulihesabiwa kuwa si wa upande wowote, jambo ambalo halikuwa kweli kabisa, lakini kwenye vizuizi vya barabarani lilisaidia.

Tulikuwa wanawake kumi hivi, tukikutana uani kwake kwa kisingizio cha kuchambua maharage. Maharage tuliyachambua kweli, maana mtu akichungulia ilibidi aone maharage. Mama Beata alitupa kanuni akiwa amekaa, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Mutaenda mchana. Mutaenda wawili, mumoja wa huku na mumoja wa kule, ao Muswahili katikati. Mutarudi na njia ileile muliyoendea, watu waone kama hamukujificha. Na mukirudi, museme kile macho iliona. Maoni hamuna."

Kisha akanigeukia mimi. "We Mama Zubeda, unapenda kufariji watu. Nimekuona. Usiseme 'hakuna kitu'. Ile 'hakuna' ni neno ya Mungu. We sema 'sikuona kitu'."

"Ndiyo, muvyeyi," nikajibu, kama wanavyomwita mzazi anayeheshimiwa. Moyoni nilisema huyu mama anapenda maneno.

Kazi yetu ya kwanza mimi na Goreti ilikuwa ya mashimo. Watu wa Gasenyi, karitie iliyo chini ya milima, walikuwa wanasema kwamba kwenye mashamba ya mpunga ya Buterere kuna wanaume wanachimba makaburi marefu ya kuwazika watu wa Gasenyi. Kuna aliyeapa kwamba ameona wakiyapima. Vijana wakawa wanajiandaa kuwatangulia. Tulishuka asubuhi, tukawakuta wanaume saba wamezama matopeni mpaka mapajani wanachimba mfereji, kwa sababu mvua ilikuwa imejaza mashamba na mpunga unaoza. Mmoja wao alituuliza kama tumekuja kusaidia. Goreti akamuuliza mfereji unakwenda mpaka wapi.

"Mufuate muone," akasema, akarudia jembe lake.

Tukaufuata mpaka mwisho, maana ndiyo kazi. Kiatu changu kimoja kimebaki mle mpaka leo. Tuliporudi Gasenyi hatukuhitaji kusema mengi, matope yalikuwa magotini. Mama mmoja alituletea maji ya kunawa. Vijana walisema kwamba mfereji unaweza kuwa mfereji leo na kaburi kesho. Lakini hawakwenda. Huo ndio ushindi ninaoukumbuka vizuri kuliko wote. Ulidumu kama wiki mbili.

Mmeniuliza mara nyingi tulitumia vifaa gani. Tulitumia viatu vya plastiki, ambavyo havichubui na vinaoshwa mtoni. Tulibeba mwavuli, kwa sababu mtu mwenye mwavuli huonekana kutoka mbali kwamba hajifichi. Kapu hatukubeba, wala mfuko, kwa kuwa vijana wa vizuizini hawawezi kuona mfuko bila kuingiza mkono. Na karatasi, kamwe. Majina yakiandikwa kwenye karatasi, karatasi ikakutwa, hao wenye majina wamekwisha. Kila kitu tulikishika kichwani, nami mpaka leo ninashika vitu ambavyo ningependa kuviachia. Ninyi mna fomu. Nazionea wivu fomu zenu, kwa kuwa ukishaijaza unaifungia kwenye droo.

Kifaa bora kuliko vyote alikuwa Mama Beata mwenyewe, siku ambazo miguu ilimruhusu. Tulisimamishwa mara moja na kijana mwenye gruneti, bomu la mkono, analirusha juu na kulidaka kama embe. Akataka kujua sisi ni akina nani. Mama Beata akamtazama sana.

"We si mutoto wa Serafina? We ulitoka miguu kwanza. Nilipigana na we toka asubuhi mpaka adhuhuri. Hata ile siku hukutaka kusikiliza mutu."

Wenzake waliangua kicheko, naye akatupisha, uso umemwiva. Goreti alicheka mpaka tukafika. Baadaye tulisikia kwamba yule kijana gruneti lilimlipukia yeye mwenyewe. Mama Beata alipoambiwa aliendelea na maharage.

Kisha ikaja Kajaga. Sokoni walisema ziwa limetupa maiti ufukweni kule, na kwamba ni watu wa karitie fulani waliokamatwa njiani. Wengine walikataa, wakasema ni bihuha tu, mbinu ya kuwapandisha watu hasira. Tukaenda. Wavuvi walitupeleka bila ubishi, kama watu waliokuwa wanangoja mtu mwingine aone pia. Waliokufa walikuwa watatu, mikono imefungwa nyuma. Mmoja alikuwa amevaa shati ambalo nilijua ushonaji wake, kwa kuwa kola ile niliishona mimi.

Tulirudi tukasema tulichoona, watatu, mikono nyuma. Hatukuongeza hata neno. Jioni ileile mwanamume mmoja wa upande mwingine, dereva wa baiskeli ya kubeba mizigo, mtu asiyejua hata habari zenyewe, alikamatwa akipita na kuuawa kwa mawe. Waliomuua walisema, wale wanawake wameona, kwa hiyo ni kweli.

Kesho yake tulikaa uani kwa Mama Beata na hakuna aliyegusa maharage. Goreti alisema, "Muvyeyi, tungenyamaza, yule mutu angekuwa muzima."

"Ndiyo," akasema Mama Beata.

"Basi tulifanya nini?"

"Tulisema kile tuliona."

"Hiyo si jibu."

"Mi sikusema ni jibu," akasema.

Mpaka siku ile nilikuwa nadhani tunapigana na uongo. Sikuwa nimefikiri tutafanya nini na ukweli. Wadogo zangu, kwenye semina zenu huwa mnasema kwamba habari sahihi huokoa maisha. Huwa natikisa kichwa kukubali, kwa sababu mchana unakaribia na chakula cha hoteli kinapoa.

Mama Beata alifariki mwaka uliofuata. Hakuuawa na mtu. Alikuwa na sukari, na dawa yake ikakosekana wiki nyingi. Kwenye mazishi yake walikuja watu wa pande zote mbili, wakasimama mafungu mawili, kila fungu linalia kivyake. Bila yeye tulibaki sita, kisha wanne.

Sasa nafika Gasenyi. Ningeweza kuiruka, lakini bila hiyo yote niliyoandika ni mapambo.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, nimefunga. Goreti alikuwa kitandani na malaria, na kanuni inasema wawili. Lakini Gasenyi walileta ujumbe asubuhi kwamba watu wenye bunduki wameonekana milimani juu yao na nusu ya karitie inafunga mizigo. Nilijiambia nitakwenda peke yangu, ni mara moja tu. Nilipanda mpaka mwisho wa nyumba, nikaupita msitu mdogo wa mikaratusi, nikafika mahali mlima unapoanza. Niliona wanawake wanalima. Niliona mbuzi wamefungwa kambani, na watoto wanatoka shule wakipigana kwa matawi. Nilikaa juu ya jiwe nikangoja kwa muda, sikuona zaidi. Wingu lilikuwa linakuja, nami nilitaka kufika nyumbani kabla ya futari.

Niliposhuka nilipita kwa Deo na Esperansi. Deo alikuwa seremala, mtu mtaratibu, mteja wangu wa zamani. Mkewe alikuwa na watoto watatu, wavulana wawili na binti mdogo, Nadine, wa miaka minne. Mama yake Deo, bibi kizee asiyeweza kutembea vizuri, alikuwa mlangoni analia kwamba hataki kwenda kufia kwa watu. Majirani wa mkono wa kulia walikuwa wamekwisha kuondoka. Baiskeli ya Deo ilikuwa imesimamishwa uani, imepakiwa godoro, sufuria na maboksi, yote yamefungwa kwa mpira wa tairi.

"Mama Zubeda," akasema, "mi nilikungoja we. Wengine wameenda, lakini nilisema acha nisikie Mama Zubeda. Sema. Tubaki ao tuende?"

Hakuwa ameniuliza nimeona nini. Aliniuliza afanye nini. Bibi alikuwa analia, Esperansi ananitazama, tone la kwanza la mvua likanidondokea mkononi. Nilikuwa na njaa na kiu, nikawahurumia, nikataka waache kuogopa hata kwa usiku mmoja.

"Hakuna kitu, Deo," nikasema. "Fungua mizigo."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Hata alicheka kidogo. Nilifika nyumbani adhana ikiwa bado, nikafuturu na watoto wangu.

Walikuja alfajiri. Walitoka wapi sijui, na walikuwa nani nimesema sitaandika. Mimi niliitwa jua likiwa limekwisha kupanda. Deo alikuwa mlangoni. Mama yake alikuwa kitandani. Wavulana walikuwa nyuma ya nyumba, mkubwa amemlalia mdogo. Niliingia ndani, nikaona sufuria zimerudishwa rafuni, zimepangwa kwa ukubwa, kama Esperansi alivyokuwa akizipanga siku zote. Yeye alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jirani, amembeba Nadine mgongoni. Wao wawili walikuwa wamejificha shambani, wamelala katikati ya viazi vitamu. Aliniangalia. Jirani mmoja hata alinipa kigoda nikae. Laiti wangenipiga.

Nilimweleza Goreti alipopona.

"Lakini ungesema nini, Mama Zubeda? Hukuwaona kweli."

"Ningesema 'sikuona kitu'."

"Na tofauti iko wapi?"

"Deo angeijua. Alikuwa mtu wa kusikiliza."

Goreti alifunga macho.

Mnadhani niliacha kazi. Sikuacha, na si kwa ujasiri. Watu waliendelea kuja barazani kuniita, na ilikuwa rahisi kwenda kuliko kueleza kwa nini siendi. Nilikuwa mkali na maneno kupita kiasi. Nilisema, nilifika mahali fulani saa fulani, nilitazama upande huu, upande ule sikutazama, sikuona kitu. Watu walichoka kunisikia. Walikuja na hofu, nami nawapa orodha. Mzee mmoja aliniambia, "We siku hizi unasema kama mutu wa serikali." Wakapungua kuniita. Walirudia kuwaamini wale wanaosema kwa uhakika, na hao hawakukosekana.

Goreti aliacha. Kaka yake aliuawa njiani akirudi kazini, na baada ya matanga nilimwendea nikamwambia kwamba kuna habari Buterere, twende. Alikuwa anaosha vyombo.

"Mi nimeona ya kutosha," akasema.

Nilimngoja siku nyingine, na nyingine tena. Mpaka leo tukikutana sokoni tunaulizana hali za watoto na bei ya mafuta ya mawese, kisha kila mmoja anashika njia yake. Nilikuwa na rafiki mmoja tu katika kazi hii.

Baadaye ofisi ilikuja, kwanza chumba kimoja chenye meza, kisha hii mnayoijua. Tulipewa kalamu na fulana. Wageni walinipiga picha nimesimama mbele ya cherehani yangu, ingawa nilikuwa nimekwisha kuacha kushona, na wakaniuliza siri ya mafanikio. Kwenye mikutano nilisimulia habari ya mfereji wa mpunga, na watu walicheka pale kiatu kinapozama. Sikusimulia nyingine.

Miaka ya mwisho ya vita, mazungumzo ya amani yalipokwisha kushika njia na milio ikapungua, nilimtafuta Esperansi. Nilimkuta Buterere katika chumba cha kupanga, anachambua mchele wa wafanyabiashara. Ilikuwa mchana. Hakushangaa kuniona.

"Karibu, Mama Zubeda. Kaa."

Nilikaa, nikasema yote niliyokwenda kuyasema. Nilisema kanuni ya Mama Beata, mvua, na futari. Alinisikiliza mikono ikiendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Mwaka wa kwanza nilikungoja," akasema. "Kila siku nilijiambia, leo atakuja. Mwaka wa pili pia nilikungoja. Halafu nikaacha."

"Niliogopa, Esperansi."

"Najua. Wote tuliogopa."

"Nisamehe."

Akainua uso. "Apana," akasema, na hakukuwa na ukali wowote katika sauti yake. "Mi sina hasira na we. Ningekuwa na hasira ningekufukuza. Lakini kukusamehe, apana. Niombe kitu ingine."

Sikuwa na kitu kingine cha kuomba. Nilivuta ungo wa pili, tukachambua mchele pamoja mpaka Nadine aliporudi kutoka shule, msichana mrefu wa miguu myembamba, macho ya baba yake. Akamuuliza mama yake mimi ni nani.

"Fundi wa nguo wa Buyenzi," akajibu Esperansi. "Alikuwa anatushonea zamani."

Nilipoaga, alimwambia mtoto anisindikize mpaka barabarani, kwa ajili ya madimbwi. Tulitembea kidogo, kisha Nadine akaniuliza, "Mama, we ulimujua papa yangu?"

"Nilimjua kidogo."

"Watu wanasema alikuwa mukaidi. Ati majirani walimwambia tukimbie, yeye akakataa. Ati alipenda nyumba yake kuliko sisi. Ni kweli?"

Wadogo zangu, huo ulikuwa uvumi, na mimi ndiye niliyekuwa mahali pale, nimeona kwa macho yangu. Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kupewa swali jepesi kuliko lile.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Nilijiambia ni kwa heshima ya mama yake, kwamba yeye amechagua kuniita fundi, nami sina haki ya kumkosoa mbele ya mtoto wake. Nilijiambia hivyo kwa miaka mingi sana.

Mwaka jana Esperansi alifariki. Nilisimama nyuma kabisa kwenye mazishi. Baada ya hapo sikuwa tena na mtu wa kumsingizia. Nikapanda gari kwenda Kajaga, kwa kuwa Nadine ameolewa huko na anauza samaki wa mukeke karibu na ufukwe. Ni mama wa watoto wawili sasa. Nilimkuta kwenye meza yake ya mbao, kisu mkononi. Nilimwambia kwamba baba yake hakuwa mkaidi. Nilimwambia kwamba alikuwa amekwisha kufunga mizigo yote, na kwamba aliifungua kwa sababu mimi nilimwambia aifungue.

Nilipomaliza aliniuliza swali moja.

"Na mi nilikuwa wapi?"

Hapa kuna jambo ambalo sikuliandika hapo juu, wala sikumtamkia Esperansi, ingawa yeye alikuwepo na aliliona. Deo alikuwa amekwisha kumpandisha Nadine juu ya godoro, nyuma ya baiskeli, amemfunga kwa kitenge ili asianguke. Yeye mwenyewe alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kuzuia mzigo usipinduke. Mikono yake haikuwa na nafasi.

"Ulikuwa umekwisha panda," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekufungua kitenge nikakushusha chini. Ulilia. Ulikuwa unataka kwenda."

Mteja alikuja akachagua samaki wawili. Nadine aliwaparua magamba, akawapasua, akawafunga, akampa. Alifuta kisu pande zote mbili. Kisha akasema bila kuniangalia, "Kwa hiyo alitaka kutupeleka."

"Ndiyo."

"Sawa. Nenda sasa, Mama Zubeda."

"Nadine..."

"Nenda. Na usirudi hapa."

Nilikwenda. Wiki iliyofuata nilirudisha ufunguo wa ofisi. Ninyi mlisema miguu ya mama imechoka, na mimi niliwaacha mseme hivyo.